Tatu Nini?

Kwa miaka kumi na moja Mama Futi hakupiga hata msumari mmoja ukutani. Ndivyo mkataba wa kupanga ulivyosema, na hata usingesema, Bibi Mwenye Nyumba angesema mwenyewe, maana mlango wake ulitazamana na wao uani na masikio yake hayakuwa na dogo. Kwa hiyo nguo za familia zilining'inia kwenye nondo za dirisha, kioo kiliegemea juu ya kabati, saa ya ukutani ilikaa mezani, na picha ya pacha wao siku walipoanza darasa la kwanza ililala ndani ya droo mpaka wasichana hao wakaenda sekondari ya bweni.

Chumba cha mbele kilikuwa karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na marobota ya kitambaa cha sare za shule. Mwenyewe aliitwa Mama Futi kwa ajili ya ule utepe wa kupimia ambao mafundi huuita futi. Haukutoka shingoni mwake. Alikwenda nao sokoni, alikwenda nao msibani, na mumewe, mpishi wa hospitali na mtu wa utani, aliwahi kuwaambia mashemeji zake kwamba siku ya harusi ilibidi autafute kwanza mwanzo wa futi ndipo aone mwisho wa bibi harusi.

Futi, kwa asiyeijua, ina pande mbili. Upande mmoja ni inchi, wa pili ni sentimita. Zamani, Mama Futi akiwa bado anajifunza kazi, alisoma upande usio wake akakata suruali kumi na nane za wanakwaya. Zilitoka nzuri mno, zikawatosha wajukuu wa wanakwaya. Hasara ile aliilipa mwaka mzima, na tangu hapo hakuna namba iliyoingia karakanani kwake bila kuhojiwa. Mteja akisema kiuno chake ni thelathini na nne, yeye huuliza, "Thelathini na nne nini?" Jirani mmoja alimwambia amejaliwa watoto watatu, naye kwa mazoea akauliza, "Watatu nini?" Jirani yule hakurudi kwa muda mrefu.

Jumatatu moja Bibi Mwenye Nyumba alivuka ua, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akasema yote kwa pumzi moja.

"Mwanangu, mimi nahama. Magoti yamekataa, naenda kukaa kwa binti yangu. Nyumba yenu hii nauza. Milioni thelathini. Yule muuza saruji wa njia panda anaitaka, anasema ataivunja ajenge ghala. Lakini nyie ndio mnaoishi humu, nawapa nafasi ya kwanza mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo msinilaumu."

Mama Futi alibaki na mkasi mkononi. Akiba yao ilikuwa milioni kumi, waliyoikusanya kwa miaka tisa, yeye kwa sare na mumewe kwa kupika uji wa wagonjwa. Zilipungua ishirini. Na si nyumba tu iliyokuwa ikiponyoka. Shule tatu ziliujua mlango ule, na fundi anayehama mtaa huanza upya kama aliyehitimu jana. Aliogopa, tena sana, na hofu hiyo ndiyo iliyomfanya asikie vibaya mambo yaliyofuata.

Mama Futi alianzia kwa Bwana Fasta. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kadi ya biashara kwa maandishi madogo, lakini mtaa ulimwita hivyo kwa sababu kila jambo lake lilikwisha kabla hujakaa sawa. Alikuwa mkopeshaji. Ofisi yake ilikuwa na makochi laini, kiyoyozi, na soda baridi iliyofunguliwa kabla hujasema unaitaka.

"Dada yangu," alisema Bwana Fasta, "benki watakuzungusha mpaka nyumba iuzwe mbele ya macho yako. Kwangu hakuna foleni wala wadhamini. Asilimia tatu tu. Tatu! Na miezi mitatu ya mwanzo unalipa laki mbili mbili, sawasawa na kodi unayolipa sasa. Ijumaa unasaini, Ijumaa unaondoka na hundi."

Mama Futi alipita benki kwa kutimiza wajibu tu. Kijana wa dirishani alimpa karatasi: asilimia kumi na tano kwa mwaka, mthamini aje aikague nyumba, taarifa za mapato za miezi sita, majibu baada ya wiki tatu. Akaikunja karatasi ile akaitia mkobani kama mtu aliyepewa tangazo la dawa ya mende.

Jioni alikuja wifi yake, dada wa mumewe, karani wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa hospitali. Hawa wawili walikuwa na ugomvi wa gauni usiojulikana utaisha lini. Wifi alidai lilishonwa likambana. Fundi alidai gauni halina kosa, aliyeongezeka ni mvaaji.

"Kaka ni mwanachama wetu," alisema wifi akipuliza chai. "Sisi tunatoza kumi na mbili kwa mwaka. Na kila mnapolipa, deni linapungua na riba nayo inapungua. Hii hapa karatasi yake."

"Fasta ananipa kwa tatu."

"Wifi, hiyo tatu ina walakini. Umemuuliza vizuri?"

"Walakini gani? Au ni kwa sababu chama kikipata mkopaji, karani naye anapata chake?"

Wifi alitua kikombe. "Chake kipi? Ningekuwa napata chochote, ningeshona gauni kwa fundi mwingine." Akaondoka na chai yake haijafika nusu. Karatasi ya chama aliiacha mezani.

Mama Futi alichukua kipande cha kitambaa cheusi, akachukua chaki yake ya kuchorea, akaandika kwa herufi kubwa: FASTA 3, CHAMA 12, BENKI 15. Akakitandika kwenye pembe ya meza ya kukatia. Kila alipokipita alikitazama akatabasamu. Tatu na kumi na mbili! Hata mtoto wa chekechea angejua pa kwenda. Hivyo ndivyo alivyowaza, mwanamke yule aliyekuwa akiwatoa watu jasho kwa swali moja, na mimi ninayesimulia nasikitika kusema kwamba swali lenyewe halikumjia.

Ijumaa asubuhi mumewe alirudi kutoka zamu akiwa na karatasi mfukoni. Wapishi sita walitaka aproni mpya, naye alikuwa amewapima mwenyewe jikoni.

"Tisini," alisoma Mama Futi. "Tisini nini?"

"Kiuno."

"Kiuno naona! Tisini nini? Inchi? Unataka nimshonee tembo aproni?"

"Sentimita, Fundi."

"Sasa kwa nini hukuandika? Miaka ishirini nakwambia. Namba bila jina lake ni mchoro tu. Utanitia hasara siku moja, na siku hiyo nitakushonea wewe hizo suruali za kwaya."

Mpishi alikubali makosa, akaenda kuoga, akavaa shati lake la heshima, kwa sababu saa nne walitakiwa ofisini kwa Bwana Fasta kusaini. Mkewe alikuwa bado anatafuta kitambulisho. Mpishi akajiegemeza kwenye meza ya kukatia, akakiona kile kitambaa cheusi, na roho ya utani ikampanda. Alitaka kulipiza kidogo tu.

"Fundi," aliita. "Hii tatu, tatu nini?"

"Asilimia, we naye."

"Asilimia kwa nini? Kwa siku? Kwa mwezi? Kwa mwaka? Namba bila jina lake ni mchoro tu."

Alisubiri atukanwe. Hakutukanwa. Mama Futi alikuja taratibu, kitambulisho mkononi, akasimama mbele ya kitambaa kile. Ya benki aliiona kwa macho yake imeandikwa "kwa mwaka". Ya chama pia. Ya Fasta hakuiona imeandikwa popote. Aliisikia tu, katikati ya soda na kiyoyozi. Aliushika utepe shingoni mwake, akautazama upande wa inchi, akaugeuza akatazama wa sentimita.

"Kwaya," alisema kwa sauti ndogo.

Mumewe hakucheka. Kisa kile alikijua chote, mpaka na rangi ya suruali.

Walikwenda kwa Bwana Fasta hata hivyo, maana mtu hakatai kitu kabla hajakipima. Karatasi zilikuwa tayari mezani, zimefunguliwa kwenye ukurasa wa kusaini, na kalamu imewekwa juu yake.

"Tatu nini?" aliuliza Mama Futi kabla hajaketi.

Bwana Fasta alicheka kama amesikia kichekesho. "Asilimia tatu, dada yangu."

"Kwa nini? Kwa mwaka?"

"Kwa mwezi. Biashara yetu yote iko hivyo."

"Ya deni la mwanzo, au ya lililobaki?"

"La mwanzo. Hesabu inakuwa nyepesi."

"Basi tuifanye, kama ni nyepesi."

Mpishi alishatoa simu. Huyu ni mtu anayegeuza kipimo cha uji wa mgonjwa mmoja kuwa wa wagonjwa mia tatu kila alfajiri. Hesabu ya kuzidisha haimpigi chenga. Riba ya mwezi mmoja, laki sita. Miezi iliyoandikwa kwenye karatasi ni sitini. Akabonyeza, akasita, akafuta, akabonyeza tena.

"Riba peke yake milioni thelathini na sita," alisema. "Pamoja na mkopo, hamsini na sita."

"Na zile laki mbili mbili za mwanzo?" aliuliza Mama Futi.

"Miezi mitatu tu. Baki tunaiongeza kwenye deni," alisema Bwana Fasta, na hapo tabasamu lilianza kuchoka. "Lakini tusiangalie vitu vidogovidogo. Nyumba inauzwa Jumanne."

Mama Futi alipekua karatasi. Ya mwisho ilikuwa fomu ya mauzo ya nyumba. Sehemu ya jina la muuzaji ilikuwa na jina lake yeye, limeshachapwa. Sehemu ya tarehe ilikuwa tupu.

"Na hii?"

"Ya kawaida. Tunaihifadhi tu, ikitokea umechelewa kulipa."

"Nikichelewa kiasi gani?"

"Imeandikwa siku moja. Lakini sisi ni binadamu."

"Nipe nikasome nyumbani."

"Karatasi hazitoki ofisini, dada. Na ofa inaisha leo saa kumi."

Mama Futi alifunika kalamu kwa kifuniko chake, akaiweka mezani. "Basi iishe," alisema.

Nje alijikaza mpaka wakapinda kona, kisha akaketi kwenye ngazi za duka lililofungwa. Kuponyoka changa la macho ni jambo jema, lakini halikupi nyumba. Machozi yalimtoka palepale, mbele za wapita njia.

"Nimeipoteza," alisema. "Wiki nzima nimeitupa kwa yule mtu."

"Zimebaki siku nne," alisema mumewe. Akamfuta uso kwa ncha ya futi, kwa sababu leso alisahau. "Na mimi nina dada."

Chama kilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kimoja chenye dirisha na benchi. Wifi alikuwa peke yake, anagonga mihuri. Mama Futi alisimama mbele ya meza yake.

"Wifi, nilikosea."

"Sema tena, kuna kelele humu."

Hakukuwa na kelele. Hata feni ilikuwa imezimwa.

"Nilikosea!"

"Sasa nimesikia," alisema wifi, akavuta kiti. Akasikiliza kisa chote, na kilipofika kwenye fomu isiyo na tarehe hakutania tena. Alieleza kwamba kamati ya mikopo ingekaa baada ya wiki mbili, kwamba hati ya nyumba ingekaa kwenye sefu ya chama mpaka deni liishe, na kwamba leo hii angeweza kuwapa barua yenye muhuri inayosema ombi limepokelewa na mwombaji anatimiza masharti. Walihitajika wadhamini wawili. Mpishi alimtaja mwenzake wa jikoni. Wa pili, wifi aliandika jina lake mwenyewe bila kuinua uso.

Mama Futi alivuta ncha ya futi, akafuta macho.

"Usianze kulia, utanilowanishia fomu," alisema wifi. "Halafu nisikilize. Usinichukue mimi kwa sababu ya undugu. Rudi benki na barua hii, waambie wengine wanakupa kumi na mbili, uone watasema nini. Ukipata nafuu kwao, nenda. Sitanuna. Nimeshanuna vya kutosha kwa ajili ya gauni."

Hapo ndipo ufundi wa Mama Futi ulipomrudia. Karakanani alikuwa na kadi za vipimo, zile za kila mteja, zimechapwa KIFUA, KIUNO, MKONO, UREFU. Alichukua mbili mpya. Kwenye KIFUA aliandika kiasi cha mkopo. Kwenye KIUNO, riba, na mbele yake kwa herufi kubwa KWA MWAKA. Kwenye MKONO, ada zote, ya mthamini, ya mwanasheria, ya kitu chochote kile, maana mikono ndiyo inayochota. Kwenye UREFU, idadi ya miezi. Chini kabisa aliandika maneno ambayo hayakuwemo kwenye kadi: nitakuwa nimelipa jumla ngapi siku ya mwisho?

Jumatatu kijana wa dirishani benki alipimwa kama mteja wa suti. Aliulizwa kila namba nini, na ya nini, na itabadilika lini. Aliomba radhi, akamwita meneja. Meneja alitazama barua ya chama, akatazama futi shingoni mwa mwanamke yule, akashuka mpaka kumi na tatu. Mama Futi alimshukuru kwa moyo mweupe, akajaza kadi mbele yake.

Nyumbani waliziweka kadi sambamba. Benki, pamoja na ada zote, karibu milioni ishirini na nane. Chama, ishirini na saba kasoro kidogo. Tofauti ilikuwa milioni moja, yaani cherehani mpya na pasi yake. Mpishi akakumbuka ile hamsini na sita.

"Fundi, unajua Fasta alitaka zaidi ya chama kwa kiasi gani? Milioni ishirini na tisa. Karibu nyumba nyingine nzima."

"Na wa kulala ndani yake angekuwa yeye," alisema Mama Futi.

Jumanne, siku ya mwisho, alivuka ua akagonga mlango wa Bibi Mwenye Nyumba. Katikati ya chumba masanduku yalikuwa yamefungwa kamba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja na pesa?"

"Nimekuja na barua." Akampa, akaeleza bila kupamba: kamati ingekaa baada ya wiki mbili, na pesa zingetoka wiki moja baadaye. Alimwomba wiki tatu.

Bibi alisoma barua kwa kuisogeza mbali, kisha karibu, kisha mbali. Akaukagua muhuri kwa kidole. "Muuza saruji anakuja saa nane. Ananipa taslimu."

"Najua, Bibi."

"Umenilipa kodi kila tarehe tano, miaka kumi na moja."

"Tarehe nne."

"Tarehe nne," alikubali Bibi, na mdomo ukamcheza kidogo. Akatazama kupitia mlangoni ule ukuta wa upande wa pili wa ua. "Lipu ile marehemu mume wangu aliipiga mwenyewe. Wiki tatu, kila jioni akitoka kazini, na taa mkononi. Unadhani kwa nini nilikataza misumari? Yule mwenye saruji anasema ataiangusha kwa siku moja." Akaikunja barua. "Wiki tatu, basi. Si siku moja zaidi. Na akija saa nane wewe ndiye utakayemwambia, mimi sina nguvu za kugombana."

Saa nane Mama Futi alimwambia, na alimwambia vizuri.

Kamati ilikaa, ikapitisha. Siku ya kumi na tisa pesa ziliingia, hati ikabadilishwa jina mbele ya mwanasheria, ikaenda kulala kwenye sefu ya chama. Deni bado lipo. Ni miezi sitini, na kila mwezi malipo lazima yatoke, ziwepo sare za kushona au zisiwepo. Lakini Mama Futi analijua lilipoanza na analijua litakapoishia, kwa namba na kwa jina la namba, na hilo linampa usingizi.

Jumamosi iliyofuata gari lilimchukua Bibi na masanduku yake. Kabla ya kupanda aliingia karakanani, akapitisha kiganja kwenye lipu ya marehemu, akampa Mama Futi mkono, akaondoka. Wifi alikuwepo, amevaa lile gauni. Lilikuwa limetanuliwa mbavuni usiku kucha wa juzi, bure, na hakuna aliyelitaja.

Mpishi alileta nyundo ya kuazima na msumari mmoja.

"Wapi?" aliuliza.

Mama Futi alipima. Kutoka pembe ya ukuta, kutoka sakafuni, mara mbili, kwa sentimita, na alisema sentimita kwa sauti kila mara. Akaweka alama ya chaki. Mumewe alipiga pigo la kwanza, na wote watatu wakageukia mlango wa uani kwa mazoea, wakisubiri sauti ya Bibi. Haikuja. Akapiga la pili na la tatu.

Kisha Mama Futi akautoa utepe shingoni. Shingo yake ilibaki nyeupe kidogo mahali utepe ulipokaa miaka yote ile. Akautundika kwenye msumari, pande zote mbili zikaning'inia, akarudi nyuma hatua tatu kuutazama.

"Umepinda," alisema mumewe.

"Uache hivyohivyo," alisema Mama Futi, akaenda kuitoa picha ya pacha kwenye droo. "Lete mwingine."